GPA yangu nitahama nayo? Jibu kwa mwanafunzi wa Wete anayetaka kuhamia Unguja

Swali: Asalamu alaykum, mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Wete, Pemba, nasoma shahada ya uhasibu mwaka wa kwanza katika chuo kikuu kimoja Dar es Salaam. Mama yangu anaumwa, yuko Unguja kwa dada yangu akitibiwa, na nataka kuhamia chuo cha Zanzibar ili tusaidiane kumuuguza. Nina mambo matatu. Kwanza, matokeo ya muhula uliopita yanasema nina GPA (wastani wa pointi) 3.3, lakini mimi nimejumlisha pointi zangu nikagawa kwa masomo matano nikapata 3.6. Nani kakosea? Pili, nikihama nitahama na GPA hiyo au nitaanza upya? Tatu, nina stashahada ya uhasibu yenye GPA 3.9, je, haiwezi kunipunguzia mwaka mmoja? Matokeo yangu ni haya: Misingi ya Uhasibu krediti 16, B, Hisabati za Biashara krediti 16, B, Uchumi krediti 12, B, Kompyuta krediti 10, B+, Stadi za Mawasiliano krediti 6, A.

Jibu: Waalaykumu salaam, mwanangu. Mwenyezi Mungu amponye mama.

Umefanya vizuri kuniandikia na krediti za kila somo, maana wengi huniletea herufi tupu na kwa herufi tupu hapana hesabu inayofanyika. Chuo hakijakosea. Kujumlisha kwako nako ni sahihi, ila umegawa kwa kitu sicho.

Wewe umeyachukua masomo matano kama kwamba yana uzito mmoja: 3 na 3 na 3 na 4 na 5, jumla 18, gawa kwa 5, unapata 3.6. Lakini chuo hakihesabu masomo, kinahesabu krediti. Krediti ni uzito wa somo, na kwetu Tanzania krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, zikiwamo za darasani, za semina, za mazoezi na zile unazokaa peke yako na daftari. Misingi ya Uhasibu ya krediti 16 inakudai saa 160. Stadi za Mawasiliano yenye krediti 6 inakudai 60. Kwa hivyo A yako ya Stadi za Mawasiliano, hongera nayo, haiwezi kuivuta juu B ya Uhasibu kama ulivyotaraji.

Sasa tufanye kama afanyavyo mtu wa ofisi ya mitihani. Kila herufi ina pointi: kwa shahada, A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1. Zidisha pointi za somo kwa krediti zake. Uhasibu 3 mara 16 ni 48. Hisabati vilevile 48. Uchumi 3 mara 12 ni 36. Kompyuta 4 mara 10 ni 40. Stadi za Mawasiliano 5 mara 6 ni 30. Jumla ni 202. Krediti zote ni 60. Gawa 202 kwa 60, unapata 3.366.

Hapo utasema basi ingekuwa 3.4. Kwa hesabu za skuli, ndiyo. Lakini vyuo vyetu vingi hubakisha tarakimu moja baada ya nukta na kinachozidi hukatwa, hakipandishwi. Hata ingekuwa 3.39 ingeandikwa 3.3. Kijitabu cha kanuni za mitihani cha chuo chako kimeeleza namna wanavyokata. Kisome, khasa wewe uliyeko karibu na mpaka. Maana madaraja ya shahada yamepangwa kwenye tarakimu hiyo hiyo moja: kuanzia 4.4 ni daraja la kwanza, 3.5 hadi 4.3 ni la pili la juu, 2.7 hadi 3.4 ni la pili la chini, na 2.0 hadi 2.6 ni kufaulu tu. Tofauti ya 3.4 na 3.5 kwenye karatasi ni ndogo, kwenye tangazo la kazi ni mlango kufungwa au kufunguliwa.

Nina jambo jengine hapo hapo, kwa sababu nalijua kosa linalofuata. Mwisho wa mwaka utachukua 3.3 ya muhula huu, utaongeza na ya muhula wa pili, utagawa kwa mbili. Usifanye hivyo. Tuseme muhula wa pili una krediti 62 na ukapata pointi 225. GPA ya muhula huo itaandikwa 3.6. Ukizichanganya 3.3 na 3.6 ukagawa kwa mbili unapata 3.45, itakatwa iwe 3.4, utalala na huzuni. Chuo kitarudi kwenye pointi zenyewe: 202 na 225 ni 427, krediti 60 na 62 ni 122, na 427 gawa kwa 122 ni 3.5 kamili. Daraja la pili la juu. Hesabu ya GPA daima hurudi kwenye jumla ya pointi na jumla ya krediti, haijengwi juu ya GPA nyengine.

Na ukipata sapu muhula huu, Mungu apishe mbali, ujue kuwa kwa kawaida hata uuandike mtihani wa marudio vizuri namna gani, alama ya juu utakayopewa ni C, yaani pointi 2. Kwa somo la krediti 16 hilo ni pigo. Nakwambia hili kwa sababu mwenye mgonjwa nyumbani huanza kukosa mazoezi ya darasani, na alama za kazi za darasani ndizo zinazompeleka mtu kwenye sapu kabla hata hajaingia chumba cha mtihani.

Sasa kuhama.

Watu husema "nahama na GPA yangu" kama anayehama na godoro lake. GPA haihami. Kinachohama ni krediti, na hata hizo hazihami kwa fungu, zinahama somo kwa somo. Chuo unakokwenda kitachukua muhtasari wa Misingi ya Uhasibu uliyosoma Dar, kitauweka kando ya muhtasari wa somo lao, na mkuu wa idara atasema haya ni mamoja au si mamoja. Mada zinafanana? Krediti zinakaribiana? Kiwango ni kimoja? Likikubaliwa, unaandikiwa kuwa umeshalisoma. Likikataliwa, unakaa darasani na wadogo zako unalisoma tena. Mwisho wa yote jambo hupelekwa kwa Seneti ya chuo, yaani baraza lake la mambo ya taaluma, na hiyo ndiyo yenye kauli.

Pointi je? Hapa vyuo vina njia mbili. Kuna vinavyopokea krediti pamoja na alama yake, na kuna vinavyopokea krediti peke yake, somo linaonekana kwenye transikripti, yaani hati rasmi ya matokeo, bila herufi ya kuhesabiwa, na GPA yako inajengwa kwa masomo utakayosoma kwao tu. Marekani njia hii ya pili ndiyo iliyozoeleka. Hapa kwetu uliza, tena uliza kwa barua upate jibu la maandishi, kwa sababu jibu la dirishani hubadilika afisa akibadilika.

Kwako wewe tofauti ya njia hizi mbili ni ndogo kuliko unavyoogopa. Shahada ya miaka mitatu ni krediti 360. Tuchukue mwaka umeumaliza na 3.5 kwa krediti 122, na miaka iliyobaki ukapata wastani wa 3.7. Wakihesabu yote utamaliza na 3.6. Wakihesabu ya kwao tu utamaliza na 3.7. Daraja ni lile lile. Tofauti inakuja kwa anayetaka daraja la kwanza. Kwa kubeba 427 zako, ili ufike 4.4 utahitaji pointi 1,157 katika krediti 238 zilizobaki, ambayo ni wastani wa 4.86, yaani karibu kila somo A kwa miaka miwili. Wasipozihesabu, unahitaji 4.4. Naona mawazo yanavyoanza kukupita! Lakini wajumbe wa Seneti nao wanajua kuhesabu, na mwanafunzi anayehama kwa ajili ya kusafisha GPA hujulikana mapema. Wewe una sababu ya kweli, iweke mbele na barua ya daktari wa mama.

Kuna kipimo kimoja cha kukumbuka kuliko vyengine. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, inasimamia vyuo vikuu vya bara na vya visiwani, kwa kuwa elimu ya juu ni jambo la Muungano. Utaratibu wake wa kuhamisha krediti unataka angalau nusu ya krediti za shahada, khasa za masomo ya msingi, zipatikane kwenye chuo kitakachokupa shahada hiyo. Nusu ya 360 ni 180. Ukimaliza mwaka huu una 122, uko ndani ya kipimo, na zote zinaweza kupokelewa iwapo masomo yanalingana. Ukisubiri hadi mwisho wa mwaka wa pili utakuwa na krediti 240 na ushei, na hata zikilingana zote, 60 na kitu zitabaki bandarini Dar. Kwa hivyo kama ni kuhama, wakati wake ni mwisho wa mwaka huu.

Nimesema mwisho wa mwaka. Usiondoke katikati ya muhula. Krediti hupatikana kwa somo lililokamilika, lenye mtihani na matokeo yaliyopitishwa. Ukiacha wiki ya kumi, wiki zote kumi ni bure, na kibaya zaidi utaandikwa umetoroka mtihani, na mtu aliyedisko, yaani aliyefukuzwa masomo, kwa utoro hapokelewi kwa urahisi pengine popote. Mitihani ikiisha ndipo ufunge mizigo.

Kuhusu stashahada, nitakujibu kwa ufupi kwa sababu jibu halitakufurahisha. Katika ngazi za tuzo za Tanzania, stashahada yako ni ngazi ya 6, shahada ni ngazi ya 8. Ile 3.9 ilishafanya kazi yake siku ulipopokelewa chuo kikuu: mwenye stashahada huingia shahada akiwa na GPA isiyopungua 3.0 pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne. Ndiyo ufunguo ulioingia nao. Masomo ya ngazi ya chini hayahesabiwi kuwa ya shahada hata kama jina la somo ni lile lile, na mtu akikwambia atakufanyia mpango uingie mwaka wa pili au wa tatu kwa stashahada, basi huyo ni kishoka, anataka pesa zako.

Hizo GPA mbili zako pia usizilinganishe kama kwamba umeshuka. Chukua alama 72. Kwa cheti cha ngazi ya 4 au ya 5, ambako A huanza 80 na kipimo kinaishia pointi 4, alama 72 ni B, pointi 3. Kwa stashahada ya ngazi ya 6, A huanza 75, kwa hivyo 72 ni B+, pointi 4. Kwa shahada A huanza 70, na 72 hiyo hiyo ni A, pointi 5. Ukivuka mpaka hadi Makerere, ambako pia kipimo ni cha 5, alama 72 ni B, pointi 4, kwa sababu A yao huanza 80. Mwanafunzi mmoja, karatasi moja, na majibu manne. Ndiyo maana siku ukiomba masomo ya juu Muscat au Kuala Lumpur usijigeuzie GPA mwenyewe kwa kuzidisha na kugawa; andika 3.5/5.0, ambatisha ukurasa wa transikripti wenye maelezo ya madaraja, uwaachie wao wageuze. Krediti nazo ni hivyo hivyo. Uganda krediti moja hupimwa kwa saa 15 za darasani, Ulaya kwa saa 25 hadi 30 za kazi yote na mwaka mzima ni 60. Namba ya krediti bila nchi yake haina maana.

Sasa kazi yako kuanzia wiki hii, kabla hujamwambia mtu kwamba unahama. Nenda idarani kwako, omba muhtasari kamili wa kila somo ulilosoma na unalosoma, ule wenye mada za wiki kwa wiki, vitabu, krediti na namna ya kutahiniwa, kisha uugongeshe mhuri. Huu ndio unaohamisha mtu. Transikripti inasema ulipata B ya Uhasibu. Muhtasari unasema ulisoma nini. Nimewaona wanafunzi wenye matokeo mazuri kuliko yako wakarudishwa mwaka wa kwanza kwa sababu walikuja na karatasi ya matokeo peke yake, na kuupata muhtasari ukiwa umeshavuka bahari ni kazi ya kupiga simu zisizopokelewa.

Ukishaupata, wapelekee vyuo unavyovifikiria, viwe vya Tunguu au Chukwani huko Unguja, mradi vina shahada ya uhasibu inayotambuliwa na TCU, uombe orodha ya maandishi: masomo gani yatapokelewa, krediti ngapi kwa kila moja, mwaka gani utawekwa, na alama zitahesabiwa au hazitahesabiwa. Tarajia mapungufu madogo. Somo lako la krediti 12 kwao linaweza kuwa 10, au wao wana somo la lazima la mwaka wa kwanza ambalo kwenu halipo, na utalibeba pamoja na ya mwaka wa pili. Masomo mawili ya kubeba ni ya kawaida. Yakifika manne au matano, kaa ukijua miaka mitatu itakuwa minne, na uulize ada ya mwaka huo wa ziada nani atailipa. Orodha ikiwa mkononi ndipo uombe barua ya ruhusa kwa chuo chako cha sasa, ufuate dirisha la uhamisho linapotangazwa. Usijitoe chuo cha kwanza kabla cha pili hakijakupokea kwa barua.

Lakini nina swali nami, na nakuuliza kama mzazi. Ni lazima uhame? Kanuni za vyuo zinaruhusu kuahirisha masomo kwa sababu nzito, unaandika barua, unaambatisha ushahidi, unapewa ruhusa, na unarudi mwaka mwengine pale pale ulipoachia, na krediti zako zote 122 na pointi zako zote bila kumuomba mkuu wa idara yeyote alinganishe chochote. Kama matibabu ya mama ni ya miezi, kuahirisha ni nafuu zaidi kuliko kuhama. Kama ni maradhi ya miaka, basi hama, na uhame mapema. Hili ukae na dada yako na daktari mlizungumze wazi. Wengi huhama kwa sababu ya huzuni ya wiki mbili, na kisha hurudi kwangu wakiuliza namna ya kuhamia tena Dar.

La mwisho ni mkopo, ambao hukuutaja. Kama unasomeshwa na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, au ile ya Bara, iandikie kabla ya kufanya lolote kati ya haya mawili, kuhama au kuahirisha. Mkopo umefungwa kwenye jina lako pamoja na chuo na mwaka wa masomo. Ukibadilisha chuo kimya kimya, pesa za muhula zitaendelea kwenda kule ulikotoka, kule unakokwenda utadaiwa ada, na kuzirudisha huchukua muda mrefu kuliko muhula wenyewe. Barua yako iwe na nakala ya ile orodha ya masomo yaliyopokelewa, kwa sababu bodi nayo itataka kujua umewekwa mwaka wa ngapi na mkopo utakwisha lini.